Nani Alichagua Kabla Yetu? Historia Fupi ya Chaguo-msingi

Ukibofya faili mara mbili kwenye kompyuta ya mezani, huulizwi unataka kulifungua kwa programu ipi. Linafunguka tu. Barua inakwenda kwenye programu moja, picha kwenye nyingine, na anwani ya tovuti kwenye kivinjari fulani. Maana yake ni kwamba swali lilikwisha kujibiwa kabla hujaketi mbele ya mashine hiyo. Wataalamu huita jambo hili chaguo-msingi, yaani chaguo linalofanya kazi pale ambapo mtumiaji hajachagua lolote.

Hoja yangu ni kwamba jambo hili linaloonekana dogo, tena la kiufundi, ni suala la mamlaka. Chaguo-msingi si amri. Hakuna anayekulazimisha, na mlango wa kubadili uko wazi. Ndiyo maana halilalamikiwi. Hata hivyo wengi wetu hubaki pale tulipowekwa, na aliyetuweka hapo hupata nguvu ambayo hakuiomba kwa yeyote.

Mantiki hii ni kongwe kuliko kompyuta. Mwezi Juni 1928, mkutano uliofanyika Mombasa uliamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu. Kimvita, pamoja na hazina yake kubwa ya ushairi, kikawekwa kando. Januari 1930 kamati ya lugha ya makoloni ya Afrika Mashariki ikaanza kazi ya kusimamia uamuzi huo, na mwaka 1939 kamusi sanifu inayohusishwa na jina la Frederick Johnson ikachapishwa. Mwaka huohuo, huko Paris, likatoka juzuu la kwanza la kamusi ya Charles Sacleux, padre Mfaransa aliyefanya kazi Zanzibar na pwani yetu mwishoni mwa karne ya 19. Sacleux alikusanya maneno ya lahaja nyingi, kikiwamo Kimrima, usemi wa pwani hii ya Bagamoyo inayotazamana na Unguja.

Kamusi mbili zikatoka mwaka mmoja, lakini ni moja tu iliyoingia darasani. Mtu wa Mbegani hakukatazwa kusema Kimrima nyumbani kwake. Ila kitabu cha shule, mtihani na barua ya Serikali vilimjia na Kiunguja ndani yake. Sisemi kwamba uamuzi ule ulikuwa mbaya, kwani umetusaidia kuwa na lugha moja ya Taifa. Ninachosema ni kwamba ulifanywa na wachache, mara moja, na baada ya kizazi kimoja ukaonekana kama maumbile.

Sasa tuje kwenye mashine. Serikali ya Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Mwaka 1974, baada ya matatizo makubwa ya mfumo wa hesabu za Serikali, uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku. Vijana huicheka marufuku ile, na wana sababu, kwa kuwa ilituchelewesha. Lakini ilikuwa na sifa moja ya kiraia: ulikuwa uamuzi uliotangazwa. Aliyeipinga alijua ni nani wa kumlaumu na ni tangazo lipi la kulipinga. Milango ilipofunguliwa katika miaka ya mageuzi ya uchumi, kompyuta zilianza kuingia zikiwa na maamuzi tayari ndani yake: mfumo endeshi gani, lugha gani, programu gani ya kuandikia. Tulitoka kwenye katazo lililoandikwa tukaingia kwenye chaguo lisiloandikwa, na hilo la pili hatukulijadili popote.

Wenzetu waliojadili walilifikisha mahakamani. Kivinjari cha Netscape, kilichotoka mwaka 1994, kilipendwa sana hadi Microsoft ilipoanza kukiweka kivinjari chake, Internet Explorer, ndani ya Windows. Mwezi Mei 1998 Serikali ya Marekani iliishtaki kampuni hiyo. Mwaka 2000 Jaji Thomas Penfield Jackson aliamuru igawanywe vipande viwili, na mwaka 2001 mahakama ya rufaa ikatengua amri ya kuigawa huku ikikubali kwamba sheria ilivunjwa. Zingatieni kwamba wakati wote huo Netscape ilikuwa ikipatikana. Haikufungiwa. Ilikuwa tu haiko pale ambapo mtu alibofya.

Ulaya ilijifunza somo gumu zaidi. Machi 2004 Kamisheni ya Ulaya iliitoza Microsoft faini ya yuro milioni 497 na kuitaka iuze pia Windows isiyokuwa na programu yake ya muziki na video. Toleo hilo likauzwa kwa bei ileile, na karibu hakuna aliyelinunua. Kutoa uhuru wa kuchagua hakukutosha. Kuanzia mwaka 2010 ikawekwa dawa nyingine: skrini inayomwuliza mtumiaji wa Ulaya anataka kivinjari kipi. Kampuni ilipoacha kuionyesha skrini hiyo kwa mamilioni ya watu, ikatozwa tena yuro milioni 561 mwezi Machi 2013. Na katika kesi ya Google, iliyoamuliwa na Jaji Amit Mehta mwezi Agosti 2024, ilibainika kwamba mwaka 2021 pekee kampuni hiyo ililipa zaidi ya dola bilioni 26 ili iwe chaguo-msingi la utafutaji katika simu na vivinjari vya wengine. Kama jambo hili lingekuwa dogo, nani angelilipia kiasi hicho?

Mwaka huohuo wa 2004 ambapo Ulaya ilikuwa ikitoza faini yake ya kwanza, hapa kwetu ilitoka Jambo OpenOffice. Ilikuwa programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na timu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kushirikiana na wenzao wa Sweden. Ilikuwa ya bure, na msimbo wake ulikuwa wazi kwa yeyote. Mwaka uliofuata Microsoft nayo ikaleta kifurushi cha Kiswahili kwa ajili ya Windows XP na Office 2003.

Leo ni nadra sana kwangu kukuta ofisi ya umma ambayo menyu za kompyuta zake ziko katika Kiswahili. Kwa nini? Wapo wanaodai kwamba Watanzania hawapendi lugha yao kwenye teknolojia. Sikubaliani nao. Miradi yote miwili ilimtaka mtumiaji asikie kwamba programu ipo, aitafute, aipakue, aisakinishe, kisha aichague, wakati Kiingereza kilikuwa kikimsubiri mezani bila hatua hata moja. Kiswahili kiliingia kwenye kompyuta kama mgeni anayepiga hodi katika nyumba yake mwenyewe.

Linganisheni na mahakama. Kwa miaka mingi sheria iliruhusu lugha zote mbili, lakini hukumu za mahakama za juu ziliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Mwezi Februari 2021 Bunge lilibadili sheria: Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, na Kiingereza kikabaki kwa hali maalumu. Mabadiliko yale hayakumfundisha hakimu yeyote neno jipya la Kiswahili. Yalichogeuza ni upande unaohitaji kujieleza.

Gharama ya kutolielewa jambo hili niliiona Mbegani mwaka jana, nilipokwenda kwa kazi ya utafiti. Katika ofisi moja, mama mmoja mtumishi alikuwa na muhtasari wa kikao uliotakiwa siku ileile, na kila alipolibofya faili alipata ujumbe kwamba muda wa majaribio wa programu umekwisha na anatakiwa kulipia. “Daktari, hii mashine imekataa mpaka tununue,” aliniambia. Bajeti ya kununua haikuwapo, na kazi ilikuwa imesimama kwa siku mbili. Nilipotazama, nilikuta LibreOffice, mrithi wa OpenOffice aliyezaliwa mwaka 2010, ikiwa ndani ya kompyuta hiyohiyo. Aliyeisakinisha alikuwa hajaiunganisha na mafaili ya ofisi.

Tiba yake ni fupi. Bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua kulifungua kwa programu nyingine, itaje unayoitaka, kisha uiambie kompyuta ifanye hivyo daima. Kwa mabadiliko mapana, ingia kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya programu, upange chaguo-msingi la kila aina ya faili. Mama yule alijifunza kwa dakika tano, akamfundisha na mwenzake.

Lakini tusidanganyane kwamba dakika tano za mtu mmoja mmoja zinatosha. Mwezi Julai 2015, Windows 10 ilipotoka, mkuu wa Mozilla, Chris Beard, aliiandikia Microsoft barua ya wazi akilalamika kwamba usasishaji ule unafuta machaguo ambayo watumiaji walikwisha kuyafanya. Anayemiliki mfumo anaweza kukurudisha ulikotoka usiku mmoja. Kwa hiyo uamuzi wa kudumu hufanywa na taasisi, pale mashine zinaponunuliwa na kuandaliwa.

Hapa ndipo watumishi wa umma wanaosoma makala haya wana kazi. Tunayo Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 na Mamlaka yenye jukumu la kusimamia viwango. Uingereza iliamua mwaka 2014 kwamba nyaraka za serikali zinazohaririwa zihifadhiwe katika muundo wa wazi wa ODF, ambao umekuwa kiwango cha kimataifa tangu mwaka 2006. Sisi pia tunaweza kuandika katika kila zabuni ya kompyuta mambo matatu: zifike zikiwa na menyu za Kiswahili, zifungue na kuhifadhi nyaraka katika muundo wa wazi, na zisije na programu ya majaribio iliyowekwa kuwa chaguo-msingi. Anayetaka Kiingereza au programu ya kulipia aruhusiwe kubadili. Yeye ndiye atakayekuwa na hatua ya kupiga.

Kinachobishaniwa hapa ni zaidi ya ladha ya programu. Muhtasari wa kikao cha kijiji, orodha ya mashamba na barua ya mwananchi kwa mkurugenzi wake ni mali ya umma. Haifai ufunguzi wake utegemee leseni ambayo hakuna ofisa wetu aliyeamua kuinunua, katika lugha ambayo mwenye barua hakuiandikia. Wanafunzi wangu huniuliza ukoloni mamboleo unaonekanaje leo. Nami huwaambia wafungue mipangilio ya kompyuta zao, wasome orodha ya chaguo-msingi, na mbele ya kila jina wajiulize ni nani aliyeliweka pale.