Baridi yabisi: Viungo huharibika mapema

BARIDI yabisi inayovimbisha viungo si dalili ya uzee, wala hailetwi na umande wa Mto Tana. Ni maradhi ambamo kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia utando laini ulio ndani ya viungo.

Aghalabu huanzia vidoleni na katika vifundo vya mikono yote miwili: uvimbe, maumivu na ukakamavu wa asubuhi unaozidi nusu saa. Utando hunenepa, hula gegedu, kisha mfupa. Mara nyingi madhara huonekana kwenye eksirei katika miaka 2 ya kwanza. Baadaye vidole hupinda, visinyooke tena.

Mkazi wa Garsen asiyachanganye na chikungunya, iliyozuka Lamu mwaka 2004. Hiyo huanza ghafla kwa homa kali, ingawa maumivu yake yaweza kudumu miezi.

Vidonge vya kutuliza maumivu havizuii uharibifu. Methotreksati, inayotumiwa mara moja kwa wiki kwa maagizo ya daktari, huupunguza, lakini mjamzito haruhusiwi kuitumia.

Uvimbe ukipita wiki 6, mgonjwa aende hospitalini, Hola au Malindi, apimwe. Gegedu likishalika halirudi.