Chekechea: Hadithi moja, mchoro mmoja, sentensi moja

Mtoto wa kijijini Uyui au Sikonge, mkoani Tabora, mara nyingi anaongea Kinyamwezi nyumbani. Akifika darasa la awali anakutana na Kiswahili, kalamu na kitabu kwa mpigo. Ukimwanzishia kunakili herufi ubaoni, ananakili tu, haelewi.

Sera ya Elimu ya 2014 ilifanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima. Mwaka 2015 programu ya EQUIP-Tanzania, iliyofadhiliwa na Uingereza, ilianzisha mafunzo ya wiki 12 ya kuwaandaa watoto kuanza shule, Tabora ikiwemo. Hadithi zilikuwa sehemu kubwa ya mafunzo hayo.

Mwalimu, fanya hivi:

1. Tafuta hadithi ya hapa hapa
Huna kitabu? Tunga. Karne ya 19 Tabora ilikuwa njia panda ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, na wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Sentensi sita zinatosha: mpagazi, mzigo, njaa, mwembe, mvua, kufika. Habari za utumwa ni za kweli, ila zisubiri madarasa ya juu.

2. Soma mara mbili
Mara ya kwanza usikatize. Mara ya pili simama kidogo, uliza: "Mnadhani atafanya nini?" Neno gumu litaje kwa Kinyamwezi pia. Mtoto akijibu kwa Kinyamwezi, pokea jibu, kisha lirudie kwa Kiswahili.

3. Wachore, dakika 10
Usichore mfano ubaoni, maana wote watakuiga. Karatasi hakuna? Tumia boksi na mkaa, au kijiti na mchanga.

4. Mtoto aseme, wewe uandike
Usimuulize "Hiki ni nini?" Mwambie: "Nisimulie mchoro wako." Andika maneno yake yale yale chini ya mchoro, ukiyatamka moja moja. Hapo ndipo anapogundua kuwa anachosema kinaweza kuandikwa. Kisha aandike jina lake, au hata herufi ya kwanza tu.

Darasa kubwa? Andikia watoto 10 kwa siku. Darasa la watoto 50 unalimaliza kwa wiki moja. Waliochora mchangani waandikie sentensi zao kwenye kipande cha boksi.

5. Wasomee wenzao
Soma sentensi ya kila mtoto kwa sauti, yeye akiwa ameshika mchoro wake. Kisha itundike kwenye kamba, usawa wa macho yao.

Epuka haya
Usiweke alama ya kosa kwenye mikwaruzo. Mtoto wa miaka mitano anayechora vistari na kusema "nimeandika" ameshaanza safari ya kuandika. Na usimlazimishe wa mkono wa kushoto abadilishe mkono.

Mzazi naye
Hujui kusoma? Bado unaweza. Msimulie hadithi jioni, mwache achore chini uani, halafu akusimulie yeye.