Mpira, Ngoma na Kamera: Michezo na Sanaa Kando ya Barabara ya Thika

Mwihoko ni mtaa wa Ruiru, katika Kaunti ya Kiambu, unaopakana na Githurai, na kwa kuwa wakazi wake wengi hushika barabara ya Thika kwenda Nairobi kutafuta riziki, historia ya kuunganisha michezo na sanaa katika ukanda huu haiandikiki bila kuteremka hadi bonde la Mathare, jijini Nairobi. Huko, mwaka 1987, Bob Munro, Mkanada aliyekuwa mshauri wa masuala ya mazingira, alishirikiana na vijana kuanzisha MYSA, yaani Chama cha Michezo cha Vijana wa Mathare, wakati ambapo watoto walicheza kwa mipira ya juala, ambayo ni karatasi za plastiki zilizoviringishwa na kukazwa kwa kamba.

Jambo la pekee katika chama hicho lilikuwa kanuni zake za ligi. Timu haikupata alama kwa ushindi peke yake, bali pia ilijipatia alama sita kila ilipokamilisha zamu ya usafi, wachezaji wakizoa taka na kuzibua mitaro ya mtaa wao, na alama hizo zikaingia katika jedwali lilelile la ligi. Mtoto aliyezoea kwamba uwanja na mtaa ni kitu kimoja hakuona ugeni pale chama kilipoongeza ngoma, muziki na maigizo, ambayo katika miaka ya 1990 yalitumika kuwaelimisha vijana kuhusu UKIMWI. Chama kilikuwa pia na ligi ya wasichana, iliyoanza mwaka 1992.

Mfano ulio bora kuliko yote wa kuunganisha michezo na sanaa ni mradi wa Shootback wa mwaka 1997, ambapo mpiga picha Lana Wong na Francis Kimanzi, mwanasoka wa Mathare United (timu ya MYSA) ambaye baadaye alikuja kuwa kocha wa Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, waliwafundisha wavulana na wasichana 31 kupiga picha kwa kamera za plastiki za bei nafuu. Maisha ya Mathare, ambayo kwa muda mrefu yalikuwa yakipigwa picha na wageni, sasa yalitazamwa na wenyewe, na picha zao zikachapishwa kuwa kitabu mwaka 1999.

Mathare United ilitwaa Kombe la Moi mwaka 1998 na ubingwa wa ligi kuu mwaka 2008, na ni haki vikombe hivyo vikumbukwe pamoja na kamera zile, kwa sababu wachezaji wake nao walitakiwa kuutumikia mtaa.