Kipimo kilisema kweli: ajali ya Kegworth, 1989



Miaka kadhaa iliyopita nilimwandikia mteja mmoja programu ya mishahara. Hesabu zikikosewa, programu ilionyesha neno dogo pembeni mwa skrini. Mwisho wa mwezi wafanyakazi wakalipwa visivyo. Mteja aliponipigia simu kwa hasira, nilijitetea: "Lakini programu ilikuonya!" Rafiki yangu mpenda ndege aliposikia kisa hicho akaniambia nikasome habari za Kegworth. Nilizisoma, na tangu siku hiyo sijautoa tena utetezi huo.

Tarehe 8 Januari 1989, saa 1:52 usiku, ndege ya Boeing 737-400 ya shirika la British Midland ilipaa kutoka Heathrow, London, ikielekea Belfast. Ilikuwa na watu 126. Dakika 13 baadaye, ikiwa juu ya futi 28,000, panga moja la feni ya injini ya kushoto lilikatika. Ndege ikatetemeka, na harufu ya moshi ikafika hadi kwa marubani.

Injini ipi imeharibika? Marubani waliamua ni ya kulia. Wakaipunguza nguvu, kisha wakaizima. Wakabaki na ile mbovu.

Usiwacheke haraka. Rubani mkuu alizizoea 737 za zamani, ambazo hewa ya abiria ilitoka zaidi kwenye injini ya kulia. 737-400 haikuwa hivyo. Kuizoea ndege mpya hakuwa amepata nafasi, maana shirika halikuwa na simuleta ya aina hiyo. Halafu bahati mbaya ikaja kwa sura ya bahati njema. Kabla ya kupunguza nguvu za injini ya kulia, walizima mfumo uliokuwa ukisawazisha nguvu za injini zote mbili. Mfumo huo ndio uliokuwa ukiimiminia mafuta injini mbovu. Ulipozimwa, ile ya kushoto ikatulia kidogo, moshi ukapungua, nao wakaona wamepatia.

Sasa hapa ndipo mwandishi wa programu anapopaswa kukaa vizuri kitini. Mbele yao palikuwa na kipimo cha mtetemo wa kila injini. Cha kushoto kilipanda hadi mwisho, kikakaa huko kwa takriban dakika tatu. Kilisema kweli tupu! Lakini kilikuwa kidogo, hakikuwa na alama nyekundu wala mlio, na katika ndege za zamani vipimo vya aina hiyo vilijulikana kwa kudanganya, kwa hiyo marubani walizoea kutovitegemea.

Shahidi wa pili alikuwa nyuma. Rubani mkuu alipowatangazia abiria kwamba injini ya kulia ilikuwa na hitilafu na imezimwa, baadhi yao walikuwa wameona moto na cheche upande wa kushoto. Hata wahudumu watatu wa nyuma waliziona. Hakuna aliyekwenda kumwambia rubani. Pengine kila mmoja alidhani wenye kazi yao wanajua zaidi.

Rubani mkuu alianza kupitia upya yaliyotokea, ila simu za redio zikamkatiza. Msaidizi wake naye alihangaika kuiingizia kompyuta ya ndege taarifa za uwanja wa East Midlands, ambako sasa walielekea.

Wakati wa kushuka, injini ya kushoto haikuhitaji nguvu nyingi, ikavumilia. Walipokaribia kutua wakaiongezea mafuta. Ikiwa imebaki chini ya kilomita tano, kwenye futi 900, ikaishiwa nguvu. Walijaribu kuiwasha ile ya kulia lakini muda ulikuwa umekwisha. Saa 2:24 ndege ilianguka karibu na kijiji cha Kegworth, ikajibamiza kwenye ukingo wa barabara kuu ya M1, karibu nusu maili tu kabla ya uwanja. Watu 47 walikufa.

Juni mwaka huohuo, mapanga ya injini za aina hiyo yalikatika katika ndege nyingine mbili, zikatua salama. Ikagundulika kwamba mtetemo uliochosha mapanga hayo hutokea juu angani, na majaribio ya ardhini hayakuwa yameuonyesha. Sisi wa programu twalijua hilo: "kwangu ilifanya kazi!"

Ripoti ya wachunguzi, 1990, ilisema wazi kwamba marubani walikosea. Lakini haikuishia hapo. Ilitaka pia vipimo viangaliwe upya, onyo la mtetemo livute macho, na marubani na wahudumu wafunzwe kupashana habari.

Nilirudi kwa yule mteja. Siku hizi programu yake ikiona hesabu haziendi sawa, haiandiki neno pembeni. Inasimama, inataja jina la mfanyakazi, na hailipi mtu mpaka binadamu ajibu.