Mtama wa Tura na Umeme wa Kinanda

Mashariki ya mji wa Tabora, katika Wilaya ya Uyui, kuna mahali paitwapo Tura. Msafiri wa leo anaweza kupapita bila kugeuza shingo. Lakini katika karne ya 19 mpagazi wa njia ya Bagamoyo hadi Ujiji alilijua vema jina hilo. Mwingereza Richard Burton, aliyepita hapo pamoja na John Speke mwaka 1857, aliandika kwamba maana ya Tura ni "tua", yaani tua mzigo.

Na palistahili jina lake. Misafara iliyotoka Ugogo ilikuwa imevuka Mgunda Mkali, pori refu ambalo maji yake yalikuwa ya shida na chakula chake cha taabu. Tura ilikuwa mlango wa Unyamwezi. Hapo palikuwa na mashamba, na mtu aliyebeba ratili 60 au 70 begani aliweza kupumua na kula. Vitabu vinatukumbusha majina ya wageni wenye safari. Lakini safari zenyewe ziliendeshwa na mtama wa wakulima, mabega ya wapagazi, na kirangozi aliyetangulia kuonyesha njia.

Nimeanza na Tura kwa sababu leo nataka kuzungumza juu ya vinanda vya umeme, vile viitwavyo sinthesaiza, na hasa vile ambavyo watu wamejitengenezea kwa mikono yao. Ndani ya chombo kama hicho kuna sehemu mbili ambazo hakuna anayezipigia makofi. Ya kwanza ni sanduku la kugawa umeme. Ya pili ni bamba la mbele, lenye vitufe vya kuzungusha na matundu ya kuchomekea waya. Sanduku la umeme ndilo mtama wa msafara. Bamba ndilo kirangozi.

Historia yake si ndefu. Mwaka 1964 Mmarekani Robert Moog alionyesha sinthesaiza yake ya vipande, ambayo kila kipande kina kazi yake na mpigaji huviunganisha kwa waya. Kabla ya hapo Moog alikuwa akiuza vifaa vya theremini ili wanunuzi waunganishe wenyewe nyumbani. Katika miaka ya 1970 majarida ya mafundi huko Ulaya yalianza kuchapisha michoro kamili. Practical Electronics la Uingereza lilitoa Minisonic mwaka 1974, na Elektor likatoa Formant mwaka 1977. Aliyeshindwa bei ya dukani alichukua mchoro, akanunua vipuri, akaketi mezani.

Mtengenezaji huanzia wapi? Wengi hutamani kuanzia kwenye sauti, lakini fundi mwenye busara huanzia kwenye umeme. Umeme wa ukutani hapa kwetu ni volti 230, nao hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde, huku na huku. Sinthesaiza haiwezi kuula mbichi. Kwanza transfoma huupunguza. Kisha dayodi huulazimisha uende upande mmoja. Halafu kapasita hujaza mabonde na kusawazisha vilima. Mwisho kidhibiti huushikilia mahali pamoja, kwa kawaida volti 12 au 15, na si upande wa chanya tu bali na wa hasi vilevile, kwa kuwa wimbi la sauti hupanda juu na kushuka chini ya sifuri.

Kwa nini uangalifu wote huo? Katika utaratibu aliouanzisha Moog, volti moja ni oktavo moja, na oktavo ina hatua 12. Basi kutoka noti moja hadi jirani yake ni sehemu ya 12 ya volti, yaani kama volti 0.083. Umeme ukiyumba kiasi hicho na mtikisiko ukapenya hadi panapotawaliwa sauti, wimbo unahama wenyewe bila mpigaji kugusa kitu. Na kapasita zikiwa dhaifu, spika hutoa mvumo wa mara 100 kwa sekunde, kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Msikilizaji atamlaumu mwanamuziki. Mwenye kosa yuko ndani ya sanduku, kimya.

Bamba nalo si pambo. Likiwa la bati au alumini na likaunganishwa vizuri na waya wa ethi, hukinga sauti isichafuliwe na mawimbi ya nje. Likitobolewa vibaya, kitufe kinagonga kitufe na mkono unapotea gizani jukwaani. Katikati ya miaka ya 1990 kampuni ya Doepfer ya Ujerumani ilitumia bamba la urefu wa milimita 128.5 na umeme wa volti 12 za chanya na hasi. Watengenezaji wengi waliufuata utaratibu huo, na kipande cha mmoja kikaweza kukaa katika sanduku la mwingine.

Je, haya yanatuhusu? Yanatuhusu sana. Tabora ni mji wa muziki. Ulitupa Kiko Kids ya Salum Zahoro, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz. Waimbaji na wapiga magitaa tunawakumbuka. Mafundi waliohakikisha kwamba amplifaya zinawaka, nani awatajaye?

Twende Dar es Salaam. Huko vijana wa mchiriku walichukua vinanda vidogo vya Casio, ambavyo wengine waliviona vitu vya kuchezea watoto, wakaviunganisha na amplifaya kuukuu na vipaza sauti vya tarumbeta, wakautikisa uswahilini. Jagwa Music, iliyoanza mwaka 1992, ilipeleka mlio huo hadi Ulaya. Kinshasa nako, Mingiedi Mawangu wa kundi la Konono Na. 1 alipaza sauti ya likembe kwa vinasa sauti vilivyoundwa kutokana na sumaku za magari mabovu.

Na Kampala kuna Brian Bamanya, ajulikanaye kama Afrorack. Bei za sinthesaiza za viwandani zilimzidi kimo. Akasoma michoro, akatafuta vipuri katika mji wake, akajenga chombo chake kipande kwa kipande. Mwaka 2022 albamu yake ilitolewa na Hakuna Kulala ya hapohapo Kampala. Huyu hakukitengeneza kinanda kilichoharibika. Alikiumba.

Hapo ndipo penye somo. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa mahodari, na wengi walifanya biashara yao wenyewe. Lakini pembe nyingi walizobeba kwenda pwani zilikwenda kuwa funguo za piano nyumbani kwa watu wengine, huko Ulaya na Marekani. Ndiyo, ndugu msomaji, njia ya Tura ilipeleka mali ghafi ya vinanda. Sisi tulibeba, wengine wakatengeneza, wengine wakapiga. Leo tunanunua vinanda vilivyokamilika, na kikizimika tunakitupa kwa sababu hatujui kilikula nini.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kazi ya fundi tunaiona nyepesi kwa kuwa hatuibebi sisi. Kijana anayefungua redio kaseti nyuma ya nyumba huitwa mharibifu, na aliyenunua kipya huitwa mwenye maendeleo. Tugeuze hesabu hiyo. Shule zetu za ufundi zimfundishe mwanafunzi kujenga sanduku moja la umeme linaloaminika, aanze na betri, kwa sababu umeme wa ukutani unaua na hauguswi bila msimamizi, fyuzi na waya wa ethi. Betri mbili za volti 12 zikifungwa kwa mfululizo, na pale zinapoungana pakafanywa sifuri, tayari zimempa chanya na hasi. Kisha apewe bati, tupa na kekee, atoboe bamba lake mwenyewe na kuliandika kwa Kiswahili.

Akishajua kuulisha msafara, mahali pa kwenda atapachagua mwenyewe.