NJIA YA KWENDA KIDICHI

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matano: njia, chemchemi, hamamu, mkarafuu, mtumwa. Wanafunzi, yasomeni kwa sauti. Maneno hayo ndiyo yatakayotuongoza leo.

Leo hatutasoma habari za vita wala mikataba. Leo tutatembea. Tutatoka Mji Mkongwe wa Unguja, tutafuata pwani kwenda kaskazini mpaka Bububu, kisha tutageuka kulia na kupanda kilima mpaka Kidichi. Mtu mwenye miguu mizuri huimaliza safari hii kwa asubuhi moja.

Kilima cha Kidichi si Kilimanjaro. Mgeni wa kutoka bara angeweza kukicheka. Lakini Unguja kwa sehemu kubwa ni nchi tambarare, na mgongo wa ardhi wa Masingini na Kidichi ni miongoni mwa sehemu zilizo juu kabisa kisiwani. Huko kuna udongo mzuri, chemchemi za maji, na upepo. Kwa ajili ya mambo hayo watu walipanda kilima hiki, na walipopanda wakaacha njia.

Tuanze safari. Tukitoka mjini tunapita Maruhubi, kisha tunafika Mtoni. Hapa pana magofu ya jumba la Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, aliyeifanya Unguja kuwa makao yake makuu katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Katika jumba hili alizaliwa binti yake, Seyyida Salme, mwaka 1844. Zamani hizo watoto wa kike walifundishwa kusoma, lakini hawakufundishwa kuandika. Salme akajifundisha mwenyewe kwa siri, kwa kuigiza herufi za Kurani. Mwaka 1866 aliondoka Unguja, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani, na mwaka 1886 kitabu chake cha kumbukumbu kilichapishwa Ujerumani. Mkumbukeni binti huyu, maana tutamhitaji njiani.

Tunaendelea mpaka Bububu. Hapa pana swali zuri. Jina hili limetoka wapi? Watu wengine husema limetokana na mlio wa gari la moshi, kwa kuwa palikuwa na reli kutoka mjini mpaka Bububu, urefu wake maili 7 hivi. Wengine husema ni mlio wa maji ya chemchemi yakibubujika. Nani msema kweli?

Hebu tufanye kazi ya mwanahistoria. Reli ya Bububu ilijengwa mwaka 1905. Lakini Salme alikuwa na shamba Bububu ujana wake, na katika kitabu chake cha 1886 anapataja mahali hapo kwa jina hilo hilo. Jina, basi, lilikuwapo kabla ya reli. Gari la moshi halikuweza kukipa jina kijiji ambacho tayari kilikuwa nalo. Hatukuthibitisha kwamba ni maji, lakini tumekwisha kuliondoa gari la moshi. Mnaona faida ya kuandika? Mstari mmoja wa kitabu umetusaidia kuipima hadithi inayosimuliwa barazani.

Sasa tugeuke kulia, tupande. Njia inapita katikati ya minazi, migomba na miti ya viungo. Kiasi cha kilomita 4 kutoka Bububu tunafika kwenye jengo jeupe la mawe na chokaa, lenye makuba juu yake. Hii ndiyo hamamu ya Kidichi. Hamamu ni nyumba ya kuogea, na maji yake hupashwa moto.

Seyyid Said aliijenga kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, mjukuu wa Fath Ali, Shaha wa Uajemi. Mwaka unaotajwa sana ni 1850. Ndani kuna nakshi za chokaa za maua, mitende na tausi. Sanaa hiyo ni ya Kiajemi, na wachoraji wa namna hiyo hawakuwa wengi Unguja. Salme ametuandikia habari za mama huyo wa Kiajemi: jinsi alivyopenda kupanda farasi na kuwinda, na jinsi alivyoachwa na kurudi kwao. Bibi aliondoka, tausi wake wamebaki ukutani.

Wasikilizaji wengi wanaokwenda Kidichi hutazama tausi, husifu, hurudi mjini. Sisi tuulize swali moja zaidi. Mtawala alifuata nini juu ya kilima hiki? Jibu ni karafuu.

Mkarafuu si mti wa asili wa Afrika. Uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa chini ya Wafaransa. Seyyid Said aliona faida yake, akahimiza upandwe kila mahali. Salme anaandika kwamba baba yake alikuwa na mashamba 45. Kidichi na Kizimbani zikawa nchi ya mikarafuu.

Wanafunzi wa Unguja na Pemba wanaijua kazi ya karafuu. Huchumwa kabla ya kuchanua, kishada kwa kishada, mtu akiwa juu ya mti. Kisha huchambuliwa, makonyo mbali, karafuu mbali, nazo huanikwa juani kwenye majamvi kwa siku kadhaa. Mvua ikija, hukimbiliwa. Kisha zilishushwa pwani kwa punda na kwa vichwa vya watu.

Watu hao walikuwa nani? Walikuwa watumwa, waliotolewa bara, wengi kutoka upande wa Ziwa Nyasa na nchi zilizo kati ya ziwa hilo na pwani. Wao ndio waliofyeka kilima na kupanda miti. Miguu yao ndiyo iliyoikanyaga njia hii, kupanda na kushuka, mara nyingi kuliko farasi wa Sultani.

Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, ikabidi kupanda upya. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukafutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897. Lakini ardhi ilibaki kwa wenyewe wa zamani. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali iliichukua ardhi, na familia nyingi zikagawiwa ekari tatu tatu.

Sasa tupime kama tulivyopima jina la Bububu. Mke wa Sultani tunamjua, maana ameandikwa. Babu yake tunamjua. Lakini nani alibeba mawe ya hamamu? Nani alichota maji, akakoka moto? Ukuta haukutaja majina yao. Vibanda vyao vilikuwa vya miti na udongo, navyo vimekwisha. Kumbukumbu yao tuliyobaki nayo ni mikarafuu na njia.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mtu asiyeandikwa husahauliwa upesi. Wengi wenu mna wazee nyumbani wanaojua nani alilima wapi, na njia ipi ilikwenda kisima kipi. Kalamu sasa mnayo. Waulizeni wazee, mkaandike majina.

MASWALI YA DARASANI

1. Kwa nini hatuwezi kusema kwamba jina la Bububu limetokana na gari la moshi?

2. Kwa nini mashamba ya mikarafuu yalikuwa mengi upande wa Kidichi na Kizimbani?

3. Eleza kazi ya karafuu, tangu kuchuma mpaka kuanika.

4. Chagua njia moja ya zamani karibu na kwenu. Muulize mzee habari zake, kisha andika sentensi tano. Andika na jina la mzee aliyekueleza.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.