Bakuli, Tangi na Ziwa

Mjukuu wangu aliletewa zawadi ya samaki wa dhahabu wawili ndani ya bakuli la kioo lisilozidi lita tano. Tuliliweka juu ya kabati la vyombo, hapa Levolosi, si mbali na Soko la Kilombero, tukajiona watu wa maendeleo. Wiki ya tatu samaki mmoja akaelea ubavu. Mtoto akaniuliza, "Babu, tumemkosea nini?"

Swali hilo lilinikaa rohoni, kwa kuwa mimi ni mtoto wa mvuvi wa Ukerewe na nilipaswa kulijua jibu. Samaki huishi ndani ya maji yale yale anayoyachafua. Hutoa amonia, hasa kupitia matamvua, na samaki wa dhahabu huitoa kwa wingi. Katika maji mengi bakteria huigeuza ikawa kitu chenye madhara kidogo. Katika bakuli sumu hupanda upesi kuliko bakteria wanavyoweza kuishughulikia.

Jambo hili lilifanyiwa majaribio zamani. Mwaka 1850, mkemia wa London aitwaye Robert Warington alieleza jinsi alivyoweka samaki wa dhahabu wawili katika chombo cha kioo cha galoni kama 12, kilichojazwa nusu tu, pamoja na mchanga, mawe na majani ya majini. Majani yalipooza na maji kuchafuka, akaongeza konokono wayale mabaki. Mambo yakatengemaa. Naona watu humsifu kwa majani yake na kumsahau konokono, ambaye ndiye aliyeokoa kazi yote. Wachina walikuwa wamewafuga samaki hawa kwa takriban miaka elfu moja kabla yake, wakianzia kwenye mabwawa na si kwenye bakuli. Samaki wa dhahabu wa kawaida aweza kufikia sentimita 30.

Basi nilinunua tangi la lita 120. Maji ya bomba nayalaza kwanza kwenye ndoo ili klorini ipungue. Hapo mjukuu akaja na ombi jipya: tumtafutie yule aliyebaki mwenzake, kifaranga cha sato kutoka bwawa la jirani.

Nilikataa kwa ukali hadi nikajishangaa. Sababu za kawaida zilikuwepo. Sato hupenda maji ya joto, na samaki wa dhahabu hustawi kwenye ubaridi kama wa Arusha mwezi Julai, upepo wa Meru ukishuka. Tena sato hukua haraka na ni mgomvi. Lakini ukali wangu ulitoka mbali zaidi.

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800. Katika miaka ya 1950, upande wa Uganda, lilitiwa sangara, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akatiwa tena. Waliomtaka walisema furu ni wadogo na wana miiba mingi. Heri waliwe na samaki mkubwa, naye tumle sisi. Mwaka 1960 mtaalamu Geoffrey Fryer aliandika kupinga: samaki mla samaki hupoteza sehemu kubwa ya chakula anachokula, na akishaingia hatoki. Hakusikilizwa. Aina za furu zilizidi 500, nyingi zisizopatikana penginepo duniani. Sangara, awezaye kufikia karibu mita mbili, alipofurika katika miaka ya 1980, aina zipatazo 200 zilitoweka au zikawa adimu mno. Uchafuzi wa maji nao ulichangia. Si haki kumbebesha sangara mzigo wote.

Nasema hivyo nikijua ninapoegemea. Mwaka 1987 baba alininunulia sanduku la bati la kwendea sekondari kwa fedha za sangara. Karo ilitoka huko huko. Tulishangilia kila samaki mkubwa aliyetua ufukweni, na sikumbuki hata siku moja mtu wa nyumbani kwetu akiuliza furu wamekwenda wapi. Viwanda vya minofu vilipokuja Mwanza, minofu ikaenda Ulaya, watu wetu wakanunua mapanki. Hata hivyo siwezi kumlaani sangara. Nimesomea mgongoni mwake.

Sikumweleza mtoto yote hayo. Nilimwambia tu kwamba anayeingia tangini lazima afanane na mwenyeji kwa joto analopenda, kwa mwendo na kwa ukubwa wa mdomo. Tulipata samaki wa dhahabu mwingine, wa umbo lile lile, asiyemzidi mwenzake mbio wakati wa kula. Huu ni mwezi wa nane wapo hai.

Sasa anataka kumwona furu. Wengine wamebaki, hasa kwenye miamba, ambako sangara mkubwa hapenyi kwa urahisi. Desemba tukienda Ukerewe tutachungulia mawe ya pale baba alipokuwa akifunga mtumbwi.